Themostati: Swichi Inayoongozwa na Joto

Kuku anapoatamia, huyapa mayai yake joto la mwili kwa muda wa siku 21. Mashine ya kutotolesha vifaranga hufanya kazi hiyohiyo kwa umeme. Katika mashine yenye feni, joto linalotakiwa ni nyuzi 37.5 za Sentigredi. Joto likipungua kwa muda mrefu, vifaranga huchelewa kuanguliwa au hufia ndani ya mayai. Likizidi mno, hufa upesi zaidi. Je, mashine hujuaje kwamba joto limetosha?

Jinsi themostati inavyofanya kazi

Themostati ni swichi inayojifungua na kujifunga yenyewe kwa kufuata joto. Aina moja ina ukanda wa metali mbili, kwa mfano shaba na chuma, zilizoshikamanishwa pamoja. Tulikwisha kujifunza kwamba metali hutanuka zikipata joto. Shaba hutanuka zaidi kuliko chuma. Kwa hiyo ukanda ukipata joto hupinda kuelekea upande wa chuma, ukaacha kugusa ncha ya waya. Umeme hukatika na taa huzimika. Ukanda ukipoa hunyooka, hugusa ncha tena, na taa huwaka. Andrew Ure, mwanakemia wa Uskoti, alisajili uvumbuzi wa namna hii mwaka 1830. Siku hizi themostati nyingi hutumia kihisi cha kielektroniki badala ya ukanda, lakini kazi yake ni ileile.

Taa inayowaka na kuzimika mara kwa mara

Mji wa Babati, mkoani Manyara, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa miezi ya Juni na Julai huwa na baridi. Tuseme mfugaji wa mjini hapo ametengeneza mashine kwa sanduku la mbao, akaweka humo mayai 60. Usiku anaona taa ikiwaka kwa nusu dakika, ikizimika, kisha ikiwaka tena. Kipimajoto kilicho karibu na themostati kinaonyesha nyuzi 37.5, lakini kilicho kati ya mayai kinaonyesha nyuzi 34 tu. Kasoro iko wapi?

Mfugaji huyo ametundika themostati karibu sana na taa. Taa ikiwaka, themostati hupata joto kabla ya mayai, nayo hukata umeme mapema. Taa ikizimika, hewa iliyoizunguka themostati hupoa haraka, nayo huiwasha taa tena. Themostati haikuharibika. Inatoa habari ya kweli, lakini ni habari ya mahali ilipo, si ya mahali mayai yalipo.

Sababu nyingine ni hizi:
1. Sanduku lina nyufa, hivyo joto hutoka upesi.
2. Tofauti kati ya joto la kuwasha na joto la kuzima ni ndogo mno.
3. Sanduku lina vitu vichache vya kuhifadhi joto.

Kasoro hii haifai kupuuzwa. Kila swichi inapokata umeme, cheche ndogo huweza kuruka kati ya ncha zake. Baada ya muda ncha huungua, na huweza hata kugandamana. Hapo taa haitazimika tena, na mayai yote yatapotea.

Namna ya kurekebisha

Kazi hii hufanywa na mtu mzima, baada ya kuchomoa waya wa umeme. Themostati huhamishwa ikawekwa usawa wa mayai, mbali na taa. Nyufa huzibwa, lakini matundu ya hewa huachwa wazi, kwa kuwa vifaranga huvuta hewa kupitia maganda. Chupa zilizojaa maji huwekwa ndani ya sanduku. Maji hupata joto polepole na hupoa polepole, hivyo huzuia joto lisipande na kushuka ghafla.

Kanuni hii haihusu mayai tu. Katika nchi za baridi kama Uingereza, nyumba nyingi hupashwa joto kwa maji ya moto yatokayo katika boila. Themostati ya chumbani huweza kuiamuru boila kwa mawimbi ya redio, bila waya. Ikiwekwa juu ya kifaa kinachotoa joto, boila itawaka na kuzimika mara nyingi, hali chumba kingali na baridi.

Jaribio

Vifaa: boksi la karatasi ngumu, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, vipimajoto viwili, saa.

Njia: Mwombe mwalimu aweke chupa upande mmoja wa boksi. Weka kipimajoto kimoja karibu na chupa, na cha pili upande wa mbali. Funika boksi. Baada ya kila dakika 2, funua kidogo usome vipimajoto vyote na uandike vipimo katika jedwali. Endelea kwa dakika 20.

Maswali

1. Kipimajoto kipi kilipanda haraka zaidi? Kwa nini?
2. Kama boksi hili lingekuwa na mayai katikati, themostati ungeiweka wapi?
3. Themostati ikiwekwa kwenye kona yenye baridi kuliko mayai, mayai yatapatwa na nini?
4. Taja vifaa vingine viwili vya nyumbani vyenye themostati.