Moto Hauondoi Sumu ya Mwiku

Sisi watu wa pwani tukiwa na arusi, hesabu ya kwanza si ya nguo wala ya ngoma. Ni ya mchele. Na aliye mwungwana humpelekea jirani sahani yake. Ada hii ni njema, wala sina nia ya kuikosoa. Lakini nina kisa nacho, nami nitakisimulia ijapokuwa aibu yake ni yangu.

Katika arusi ya mpwa wangu hapa Mombasa zilipikwa sufuria tatu kubwa za pilau ya nyama. Mbili zililiwa baada ya adhuhuri. Ya tatu tuliwawekea wageni waliokuwa njiani kutoka Lamu, tukaifunika kwa sinia. Wageni wakafika usiku, nao wameshakula. Asubuhi pilau ikapashwa moto hata ikafuka moshi, nami kwa mkono wangu nikampelekea sahani Bi mkubwa mmoja, jirani yetu, mjane aishiye na wajukuu wawili. Akaniombea dua.

Kabla ya adhuhuri mjukuu alikuja mbio: bibi na ndugu yake wanatapika. Nyumbani kwetu nako watu wanne walikuwa katika hali iyo hiyo. Wako waliosema ni kijicho. Daktari hakuuliza ila neno moja:

"Chakula kilikaa tangu lini?"

"Tangu jana mchana, lakini tulikipasha moto sana."

"Mzee wangu, moto huo ulichelewa."

Akanifahamisha kwamba mchele una vijidudu vijifungiavyo ndani ya ganda gumu, hata maji yakichemka havifi. Wali ukipoa polepole katika joto letu hili, vijidudu huamka, vikazaana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiharibiwi na moto wa jikoni. Wala chakula si lazima kinuke au kibadilike ladha. Pua na ulimi, mahakimu wetu tangu jadi, hapa hawana hukumu. Na sufuria kubwa ni mbaya zaidi, kwani katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi.

Si mwiku peke yake udhurio. Mpishi mwenye kidonda kidoleni huweza kutia chakulani vijidudu ambavyo sumu yake pia hustahimili moto. Jodari aliyelala juani huzaa sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mlaji huwashwa, uso ukamwiva na kichwa kikamgonga. Kuku na mayai yasiyoiva, kisu kilichokata kuku mbichi kisha kikakatia kachumbari, na maji ya kisima kilicho karibu na shimo la choo, yote hayo ni milango ya maradhi.

Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa 2. Basi kitakachobaki kigawanywe upesi katika vyombo vipana visivyo na kina, kipoe haraka, kisha kitiwe katika friji. Kisicho na nafasi huko kigawiwe watu kingali moto.

Aliyekwisha kudhurika anyweshwe kidogo kidogo maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa. Akiharisha damu, akikosa haja ndogo, au maji yasipokaa tumboni, apelekwe hospitali mara moja, hasa mtoto na mzee.

Najua kinachotuzuia kumwaga mwiku. Tunaogopa israfu, na kuiogopa ni haki. Lakini nimetafakari nikaona kwamba israfu yetu haikungoja asubuhi. Tuliifanya mchana ule, tulipofunika sufuria iliyojaa na maskini wapo mlangoni. Tungaliwagawia saa ile, tungalipata thawabu na wala hapangalikuwa na mgonjwa.

Bi mkubwa alipona, alhamdulillahi. Nilipokwenda kumtaka radhi alicheka, akanishika mkono.

"Mwanangu, sikukatazi kuniletea," alisema. "Ila siku nyingine sahani yangu niletee mchana, pamoja na wenzangu."