KULALA KANDO YA MTO MLIMANI: TAZAMA KWANZA PA KUTOKEA

Konje ya mwaka inakaribia, na watoto wamekwisha kusikia kwamba baba atawapeleka Ruwenzori kulala chini ya hema kando ya mto. Ni wazo jema. Mtu anayekaa mwaka mzima ndani ya vumbi na kelele za mashini anahitaji hewa ya msitu. Lakini mto wa mlimani si kama Kimemi yetu inayopita Butembo. Kabla ya kufunga mizigo, wewe na bibi yako someni ukurasa huu pamoja.

Kwanza, wapi? Upande wetu njia ya zamani inaanzia Mutwanga, kwenye kituo cha Mutsora, inapanda bonde la mto Butahu mpaka nyumba za wapanda mlima za Kalonge, Mahangu na Kiondo. Hiyo ni parke ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925 na kuandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1979. Lakini tangu Oktoba 2014 watu wengi sana wa eneo la Beni wameuawa katika mashambulizi ya ADF, na vijiji vya chini ya mlima vimeguswa pia. Kwa hiyo hatukuambii uende. Tunakuambia uulize ICCN na shefu wa mahali, na wakisema hapana, ni hapana. Usitafute njia ya nyuma kwa sababu shemeji yako anajua kinjia.

Wengine huvuka Kasindi na Mpondwe, wakaenda kwa ndugu zetu Bakonzo wa Kasese. Huko parke ya Ruwenzori iliundwa mwaka 1991, na UWA ndiyo inayotoa ruhusa na viongozi. Njia moja inaanzia Nyakalengija na kufuata mto Mubuku, ingine inaanzia Kilembe na kufuata mto Nyamwamba. Karatasi za safari na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ziwe tayari. Huko pia uliza usalama: Juni 2023 shule moja ya Mpondwe ilishambuliwa usiku na vijana wengi wakauawa.

Jina la Kilembe mchimbaji hawezi kulisahau. Ni mji wa shaba. Mgodi wake ulitoa shaba tangu mwaka 1956 mpaka mwanzo wa miaka ya 1980, na nyumba za wafanyakazi zilijengwa ndani ya bonde jembamba, mto ukipita katikati. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ilinyesha juu ya mlima. Nyamwamba ikashuka na mawe na magogo, ikabomoa madaraja na nyumba. Watu walikufa, maelfu wakakosa pa kulala. Mei 2014 maji yalirudi. Mei 2020 yakarudi tena, na hospitali ya mgodi ikaharibiwa vibaya. Hawa hawakuwa watalii wasiojua mto. Walikuwa wafanyakazi kama wewe, waliolala kando ya mto ule miaka mingi.

Sababu gani mto unafanya hivyo? Kilele cha Ruwenzori kina mita 5,109, na kutoka huko mpaka bondeni ni mwendo mfupi wenye mteremko mkali. Maji hayapati mahali pa kupumzika. Mvua inanyesha juu, ambako wewe huoni, na kwako nyota zinang'aa. Wakati ule ule mto unakuja. Pengine udongo unaporomoka huko juu na kuziba njia ya maji. Hapo mto wako unapungua ghafula, watoto wanafurahi kuokota mawe katikati, na kizuizi kikipasuka maji yote yanashuka pamoja. Mto uliopungua bila sababu unatisha kuliko mto uliojaa.

Ndani ya mgodi, ukifika mahali pa kazi, unatazama dari, kisha unatazama njia ya kutokea. Fanya vile vile hapa. Kiongozi wa parke ndiye anayeonyesha mahali pa kulala, lakini macho ni yako pia. Tafuta alama za maji ya zamani: nyasi kavu zilizonaswa kwenye matawi, magogo yaliyolala upande mmoja, matope makavu juu ya mwamba. Alama hizo zikiwa juu ya kichwa chako, umesimama ndani ya mto. Panda mpaka uzipite, uendelee kupanda bado. Usilale juu ya kisiwa, wala kwenye mchanga laini hata ukiwa mzuri namna gani. Usilale pia chini ya mteremko ulio na udongo mpya, kwa maana utakimbia maji ukutwe na mlima. Kabla ya giza, pitisha watoto wote katika njia ya kukimbilia, mara mbili, waijue kwa miguu.

Mwandishi wa mistari hii alilala siku moja kwenye mchanga mzuri wa mto mdogo, akaamka viatu vikielea. Tulicheka sana. Leo nikikumbuka sicheki.

Usiku mmoja wenu akeshe kwa zamu, kama kazini. Maji yakibadilika rangi, yakileta majani na vijiti, au ukisikia mawe yakigongana na mngurumo kama wa kamioni inayopanda, amsha wote mpande juu moja kwa moja. Hema, sufuria na simu viache. Msikimbie kufuata mto chini, maji yana mbio kuliko ninyi.

Tazama pia kwamba mara zile tatu za Kilembe zote zilikuwa mwezi wa Mei. Machi mpaka Mei, na Septemba mpaka Novemba, ni miezi ya mvua nyingi. Januari na Februari, au Juni na Julai, ni afadhali, ingawa Ruwenzori haina mwezi usio na mvua kabisa.

Sasa baridi. Sisi wa Butembo tunakaa juu ya mita 1,700 na tunajisifu kwamba tumeizoea. Baridi ya nguo zilizolowa ni ingine. Mtu anatetemeka, kisha anaongea kama mlevi, anajikwaa. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hatari imezidi. Mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa blanketi kavu, lala karibu naye. Kama anameza vizuri, mpe chai ya moto yenye sukari. Kasikisi na kanyanga hazileti joto, zinalipoteza.

Na usiingize mbabula ndani ya hema, hata makala yakiwa mekundu bila moshi. Gazi ya makala ni ile ile inayobaki ndani ya tuneli baada ya kulipua baruti: haina harufu, haina rangi, na aliyelala haamki. Mfanyakazi anayengoja hewa isafishwe kabla ya kuingia tuneli hana sababu ya kuilaza familia yake ndani ya gazi.

Kupita mita 2,500, kichwa kikiuma na mtu akitapika, msiendelee kupanda. Akizidi, mshusheni chini, hata usiku. Watoto wadogo wabaki miguuni mwa mlima, huko kuna mito ya kutosha kuwafurahisha.

Maji ya kunywa yachemke dakika tatu nzima, maana mlimani yanachemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Nyani au mnyama mwingine aliyekufa njiani asiguswe, wala asipikwe. Tulizika watu zaidi ya 2,200 wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, hatuhitaji kueleza zaidi. Beba sabuni, na kila mtu awe na tochi yake.

Siku ya kuondoka, andika karatasi mbili: majina ya wote, mto mnaokwenda, jina la kiongozi, siku na saa ya kurudi. Moja mwachie jirani, ingine iache kwa walinzi wa parke. Jetoni yako ikibaki imetundikwa baada ya zamu, wenzako wanajua kwamba bado uko chini na wanaanza kutafuta. Karatasi hiyo ndiyo jetoni ya mlimani. Mkirudi salama, pita mwenyewe ukaiondoe, usiwatume watu kukutafuta mvuani nawe umelala nyumbani Mususa.