Shangazi Alijiona Kwenye Hadithi Yangu

Je, mpenzi msomaji, wewe ni mmoja wa wale wanaoandika hadithi usiku, watu wa nyumbani wakishalala? Kama ndivyo, tuketi pamoja kidogo. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi bila kulipwa hata senti, katika chumba cha kupanga mjini Embu, na siku za likizo kwa wazazi karibu na Runyenjes.

Kuhusu vifaa sina mengi. Daftari la kurasa 96 na kalamu vinatosha. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya yake ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za choo akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, nayo ikachapishwa 1980. Basi usiniambie eti unangoja kompyuta! Simu nayo hufaa kunasa neno ukiwa ndani ya matatu, ila yangu huzimika Chuka kabla sijafika Meru.

Shida hasa ni watu. Hadithi yangu ya kwanza ilihusu mwanamume aliyeuza shamba la kahawa bila kumwambia mkewe. Nilimbadilisha jina, nikadhani nimemficha. Nilipoisoma kwa sauti nyumbani, shangazi yangu aliacha kuchambua ndengu, akaniuliza, "Mwanangu, mbona umeniweka kwenye karatasi?"

Sikuwa na jibu. Kikohozi cha mtu yule, kofia yake, hata njia aliyoshukia mtoni, vyote vilikuwa vya marehemu mumewe. Tuliketi kimya mpaka chai ikapoa. Daftari lile nililifungia sandukuni miaka 2.

Nilipolifungua tena, nilimhamisha mwanamume huyo hadi Igembe, upande wa Maua, nikang'oa kahawa yake na kumpa miraa. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mkulima wa kahawa hupeleka matunda kiwandani kwa chama cha ushirika, akasubiri malipo kwa miezi. Miraa haisubiri, ikinyauka imeharibika, ndiyo maana magari yake hukimbia hivyo kuelekea Nairobi. Anayeiuza leo hupata pesa leo. Sasa mtu huyo angeuza shamba kwa nini? Nilikwama wiki nzima, mpaka nikakumbuka kwamba Uingereza ilipiga miraa marufuku Juni 2014, na soko la huko likafungwa. Sababu ikapatikana, nayo haikuwa ya mjomba wangu hata kidogo.

Mkewe je, azungumze vipi? Mama wa Igembe huongea Kimeru nyumbani kwake. Waandishi wengine humpa Kiswahili kibovu ili msomaji acheke. Mimi nilikataa. Katika lugha yake mama huyo hakosei, basi akosee kwangu kwa nini? Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, alitoa tamthilia ya Natala mwaka 1997 kwa Kiswahili safi, na sijasikia mtu akilalamika.

Desemba iliyopita nilimsomea shangazi hadithi hiyo upya. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa mapajani.

"Na huyu mama wa Maua," akauliza, "shamba lake alirudishiwa?"

Nikamwambia bado sijaandika hapo.

"Basi andika," akasema, akarudia ndengu zake.