Kadi ya Bima Inaokoa Roho?

Wanangu wa Jambiani, paukwa! Mkishaitika pakawa, kaeni vizuri, maana hadithi ya leo haina sungura wala mfalme. Ni ya kadi ya bima ya afya, na ya watu waliotaka kujua kwa hesabu kama kadi ile inaokoa roho.

Mama zenu wanacheza upatu: wanachanga, na kila mmoja anapokea kwa zamu. Bima nayo ni mchango, ila zamu haipangwi. Anayepokea ni aliyeshikwa na maradhi.

Sasa tuseme tumewahesabu wenye bima na wasio nayo, tukaona wenye bima wanaishi umri mrefu zaidi. Je, ni kadi iliyowaponya? Msifanye haraka. Pengine mwenye kadi ana mshahara, anakula vizuri na nyumba yake haivuji. Au mtu kaanza kuumwa ndipo akakimbilia kukata bima, akafariki, nasi tukaidhania kadi haifai kitu. Ndiyo maana wachumi hutafuta makundi mawili ya watu wanaofanana, waliotenganishwa na bahati tu.

Bahati hiyo ilitokea mwaka 2008 katika jimbo la Oregon, Marekani. Serikali ilikuwa na nafasi 10,000 za bima kwa watu wa kipato kidogo, wakajiandikisha kiasi cha 90,000. Ikachezeshwa bahati nasibu. Wachumi Amy Finkelstein, Katherine Baicker na wenzao wakawafuatilia waliopata na waliokosa. Waliopata walikwenda hospitali zaidi, madeni ya matibabu yakapungua, na sonona ikapungua pia. Lakini shinikizo la damu, baada ya kama miaka miwili, halikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Wengi walivunjika moyo waliposikia hivyo. Mimi naona watu wale walikuwa wachache, na miaka miwili ni michache, kupima jambo zito kama kifo.

Jibu zito zaidi lilikuja kwa barua. Mamlaka ya kodi ya Marekani iliandaa barua kwa kaya milioni 4.5 zilizokuwa zimetozwa faini kwa kukosa bima, kuzieleza namna ya kuipata. Bajeti haikutosha, kwa hiyo kaya milioni 3.9 zikapelekewa, na zilizobaki zikachaguliwa kwa bahati nasibu zisipelekewe. Karatasi moja tu kwenye sanduku la posta! Mtafiti Jacob Goldin na wenzake walipohesabu, waliona kwamba miongoni mwa watu wa miaka 45 hadi 64, kwa kila watu 1,648 waliopelekewa barua, kifo kimoja kiliepukwa ndani ya miaka miwili. Kaya hazikuwa na tofauti nyingine ila ile barua.

Basi kadi igawiwe bure? Wapo wasemao kitu cha bure hakithaminiwi. Hilo nalo lilipimwa, na karibu yetu, magharibi ya Kenya, kwenye kliniki za wajawazito. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilinganisha kliniki zilizogawa vyandarua bure na zilizoviuza kwa bei ndogo. Bei ilipofika shilingi 40 za Kenya, waliochukua walipungua kwa zaidi ya nusu, na walionunua hawakuvitundika zaidi kuliko waliopewa bure.

Huku kwetu Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitangaza matibabu bure. Lakini mtazameni mama wa mwani. Maji yakitoka anashuka pwani, anainama baina ya vigingi, anafunga vishina kwenye kamba kimoja kimoja mpaka kiuno kinamkatika. Akitakiwa kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, atapanda gari 309 mpaka mjini, atalipa nauli, na siku za bamvua zitampita. Dawa ikikosekana dirishani, ataitafuta dukani kwa pesa yake.

Mwaka 2023 ukaanzishwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ndio bima yetu, ukaanza na watumishi wa umma. Hao mchango wao hukatwa kwenye mshahara kabla haujafika mkononi. Mama wa mwani hana mshahara wa kukatwa. Yeye analipwa kwa kilo, mwani ukishakauka, kwa bei anayoisema mnunuzi. Nami nikikumbuka zile shilingi 40 za Kenya, nasema wazi: mchango wake, japo miaka ya mwanzo, ulipiwe na serikali. Akitozwa hata kidogo, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kubaki nje.