Kuka ya Gesi na Stima: Itumie Bila Kuumiza Mtoto

Kama uko jikoni wakati huu, geuka kidogo uitazame kuka yako, kwa sababu leo ndiyo tutakayoizungumzia.

Ninasema kuka ile ya kusimama inayotumia gesi na stima pamoja. Juu ina vichomeo vitatu vya gesi na pleti moja nyeusi ya umeme. Chini ina oveni, na mara nyingi oveni hiyo ni ya umeme. Akina mama wengi wanaipenda kwa sababu moja rahisi: stima ikipotea kuna gesi, na gesi ikiisha katikati ya mwezi kuna stima. Uji wa mtoto haulali.

Kwa upande wa afya, kuka hii ni hatua nzuri. Moshi wa kuni, makaa na mafuta taa huharibu mapafu, na mtoto mdogo anayebebwa mgongoni wakati wa kupika huuvuta moshi ule ule unaouvuta wewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hivyo sikuambii uiogope kuka yako. Ninataka uijue.

Nikueleze kisa kimoja. Siku moja mama aliletwa kliniki mbio, amembeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kiganja cha mkono wa kulia kilikuwa kimeungua chote. Mama alikuwa amepika chai kwenye ile pleti ya umeme, akazima, akatoa sufuria, akaenda nje kuanika nguo. Mtoto akavuta stuli, akapanda, akaweka mkono juu ya pleti. Mama alirudia maneno haya huku akilia: "Sista, nilikuwa nimezima." Na kweli alikuwa amezima.

Hapo ndipo penye somo la leo. Kuka hii ina mioto miwili, na mioto hiyo haina tabia moja. Gesi hutoa ishara: ikiwaka unaona mwali, ikizimwa mwali unaondoka, ikivuja unasikia harufu. Pleti ya umeme haitoi ishara. Ikiwa baridi ni nyeusi, na ikiwa na joto la kuunguza bado ni nyeusi. Baada ya kuzimwa inaweza kukaa na moto nusu saa au zaidi. Kwa hivyo, kwa upande wa gesi tumia pua na macho yako. Kwa upande wa stima, tengeneza ishara yako mwenyewe.

Tuanze na gesi.

Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Watengenezaji huongeza kemikali inayonuka kama kabichi iliyooza ili uweze kuigundua ikivuja. Jambo la pili ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi, bali hushuka sakafuni na kutambaa chini ya meza, chini ya kitanda na kwenye mitaro. Sakafuni ndipo mtoto anapotambaa na kucheza. Ndiyo maana kufungua dirisha la juu peke yake hakutoshi. Fungua na mlango, gesi ipate njia ya chini ya kutokea.

Tuliona nguvu ya gesi usiku wa tarehe 1 Februari 2024, wakati lori la gesi lilipolipuka huko Embakasi, Nairobi. Watu kadhaa walifariki na mamia wakajeruhiwa, wengine wakiwa majumbani mwao. Mtungi wako ni mdogo sana ukilinganishwa na lori, lakini gesi ni ile ile. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, na usikubali kujaziwa mtungi mdogo kutoka kwa mtungi mkubwa uchochoroni. Omba mtungi upimwe kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake; ukiongeza kilo 6 au kilo 13 za gesi, kulingana na mtungi wako, unapata uzito unaopaswa kuonekana.

Mtungi usimame wima kila wakati, mahali penye hewa, mbali na moto. Gesi ikikaribia kuisha, usiulaze mtungi wala kuupasha moto ili kumalizia iliyobaki. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regulata, kwenye mpira na mahali mpira unapoingia kwenye kuka. Fungua mtungi vichomeo vikiwa vimefungwa, kisha tazama. Mapovu yakifura, kuna mahali panapovuja. Funga mtungi na usiwashe chochote hadi parekebishwe. Usipime kamwe kwa kiberiti. Mpira ulionyauka, uliopasuka au uliolegea kwenye klipu ubadilishwe, na usipite nyuma ya oveni inapopata joto.

Unapowasha, kiberiti kwanza, gesi baadaye. Kuka nyingi huwashwa kwa kubonyeza kitufe cha cheche kinachotumia stima, kwa hivyo stima ikipotea utahitaji kiberiti. Kichomeo kikikataa kuwaka, funga, ngoja dakika chache gesi itoke, ndipo ujaribu tena. Na kama kuka yako ina kifuniko cha kioo, kiinue kabla ya kuwasha na usikifunge mpaka vichomeo vipoe. Kioo kikipata moto hupasuka na kurusha vipande jikoni kote.

Sasa tazama rangi ya mwali. Mwali mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na sufuria zinapata masizi, gesi haiungui vizuri, na inaweza kutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mara nyingi sababu ni uji au maziwa yaliyofurika na kuziba vitundu. Kuka ikipoa na mtungi ukiwa umefungwa, toa vifuniko vya vichomeo, vioshe kwa sabuni, zibua vitundu kwa sindano, kisha vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Usitumie kijiti cha meno, kwa sababu huvunjika na kubaki ndani. Kama mwali bado ni wa manjano, ita fundi.

Hewa hiyo ya sumu ndiyo sababu nyingine ninayokuomba, wakati wa baridi ya Juni na Julai, usiwashe kichomeo wala kuingiza jiko la makaa ndani ili kupasha nyumba moto huku madirisha yamefungwa. Watu hulala na wasiamke. Vaeni nguo nzito, mjifunike blanketi.

Tuje kwa upande wa stima.

Ishara ninayokupendekezea ni kitambaa chekundu. Piga msumari mlangoni mwa jikoni, juu, mahali mtoto hafiki. Ukiwasha pleti au oveni, tundika kitambaa. Ukizima, kiache hapo hapo. Utakitoa tu baada ya kupitisha kiganja chako juu ya pleti, bila kuigusa, na kuhakikisha haina joto. Waeleze wote wanaoingia jikoni: dada wa kazi, nyanya, baba na watoto wakubwa. Kitambaa kikiwa mlangoni, mtoto mdogo haingii. Kwa mtoto anayeanza kuelewa, chora mstari wa chaki sakafuni, hatua moja kutoka kwenye kuka, na umfundishe kwamba hapo ndipo mwisho wake.

Kumbuka pia mlango wa oveni. Uko kwenye kimo cha mtoto, na kwa nje hupata joto. Ukifunguliwa, mtoto huuona kama ngazi. Akipanda juu yake, kuka nzima inaweza kuinama na sufuria za moto zikammwagikia. Mwombe fundi aifunge kuka kwenye ukuta. Mikono ya sufuria igeuzwe ndani, na supu au maji yanayochemka yakae vichomeo vya nyuma.

Sasa tuzungumze juu ya tokeni. Fikiria tokeni zimeisha ukiwa unapika maharagwe kwenye pleti. Unahamishia sufuria kwenye gesi, lakini kitufe cha pleti unakiacha kilipo. Pleti inapoa. Mtu anaweka juu yake kitambaa cha sahani au ungo wa plastiki. Saa nne usiku baba anaingiza tokeni na kila mtu anakwenda kulala. Pleti inawaka yenyewe. Kwa hivyo stima ikipotea au tokeni zikiisha, rudisha kitufe cha pleti na cha oveni kwenye sufuri papo hapo, kisha zima swichi ya ukutani. Na pleti isiwe meza, hata ikiwa baridi.

Soketi ya kawaida ya pini tatu hubeba ampea 13, yaani takriban wati 3,000. Pleti na oveni zikiwaka pamoja zinaweza kupita hapo. Usiunganishe kuka kwenye ekstenshoni pamoja na friji au pasi. Plagi ikipata joto au ikibadilika rangi, acha kuitumia. Ukigusa mwili wa kuka na kuhisi inakupiga hata kidogo, usizoee. Zima ukutani na uite fundi wa umeme aliyehitimu aangalie waya wa ardhi. Anayepigwa kidogo leo ni wewe uliyevaa viatu. Kesho ni mtoto aliye miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji.

Unaposafisha, zima ukutani na uchomoe plagi kwanza. Panguza pleti iliyopoa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usiimwagie maji.

Mwisho, jambo likitokea utafanya nini?

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala usizime swichi yoyote ndani ya nyumba, hata ya taa, hata ya pleti. Swichi hutoa cheche wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima. Usitumie simu humo ndani. Funga mtungi kama unaufikia, fungua milango na madirisha, toa watoto nje. Kama sanduku la mita liko nje mbali na harufu, zima swichi kuu kutoka huko. Ukiwa nje ndipo upige simu 999 au 112.

Mafuta ya mandazi yakishika moto, usimwage maji wala kubeba sufuria. Zima moto wa chini ukiweza, funika sufuria kwa kifuniko, uiache mpaka ipoe.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Huwezi? Simama mahali pakavu umsukume kwa mti mkavu. Apelekwe hospitali hata akisema hajambo.

Mtoto akiungua, mwondoe kwenye moto, vua nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, isipokuwa zilizogandana na ngozi. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Huna bomba? Mmiminie maji safi kwa jagi, tena na tena. Mwili mwingine mfunike asipate baridi. Usipake dawa ya meno, unga, yai, siagi wala barafu. Yule mtoto niliyekueleza alifika akiwa amepakwa dawa ya meno, na ilibidi tuiondoe kwanza ndipo tuone kidonda, naye akilia kwa uchungu. Baada ya maji, funika kwa kitambaa safi umlete. Usingoje kesho kama aliyeungua ni mtoto mchanga, kama ni uso, mikono, miguu au sehemu za siri, kama jeraha limezidi ukubwa wa kiganja chake, au kama ni umeme.

Mama, leo jioni kabla ya kulala fanya mambo matatu. Funga gesi kwenye mtungi. Angalia vitufe vyote viko kwenye sufuri na swichi ya ukutani imezimwa. Kisha tafuta kitambaa chekundu na msumari. Havigharimu pesa nyingi, na vinaweza kuokoa kiganja cha mtoto.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini pleti ya umeme ni hatari hata baada ya kuzimwa?
2. Gesi ikivuja, kwa nini tunafungua mlango na si dirisha peke yake?
3. Tokeni zikiisha wakati unapika, unafanya nini kwanza?
4. Katika mtaa wenu, watu hupaka nini kwenye jeraha la moto? Utamshauri vipi jirani yako?