Homa Isiyongoja Kuche

Mzazi wa Ihanda ambaye mwanawe anatibiwa saratani Muhimbili, akaruhusiwa kurudi nyumbani kungojea duru ijayo ya dawa, hana budi kufahamu kwamba hatari iliyo karibu mno na mtoto huyo siku hizo aghalabu si uvimbe wenyewe bali ni homa, ilhali kati yake na matabibu wanaomjua pana kiasi cha kilomita 900 za barabara.

Dawa za saratani huua chembe zote zizaanazo upesi, wala hazibagui. Baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembechembe nyeupe zilizo askari wa mwili hupungua hata pengine zisitimie 500 katika kila mikrolita ya damu. Hapo bakteria waliokuwa wakikaa tumboni pasi na madhara, kama E. koli na klebsiela, hupenya utumbo uliochubuliwa na dawa, au hupitia kidonda cha kinywani au mpira ulioachwa mshipani, wakaenea damuni. Na kwa kuwa askari hawapo, hata usaha hautungi: mtoto hunyamaza tu, akakataa uji, na kipimajoto cha kwapani kikasoma 38.

Desturi yetu ni kupima malaria, na isipoonekana, mtoto hupewa panadoli akaambiwa arudi kesho. Kwa mtoto huyu kesho ni mbali mno. Yampasa apate antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja, damu ya kuoteshwa maabara ikitangulia kuchukuliwa panapowezekana. Hata malaria ikionekana, haiondoi shaka ya bakteria.

Uchunguzi wa Muhimbili wa miaka ya 2001 na 2002, uliohusu watoto wadogo waliolazwa mara 1,828 kwa dalili za maambukizi, wala si wa saratani peke yao, ulikuta bakteria damuni kwa takriban 14 katika kila 100, na zaidi ya theluthi ya hao wakafariki, hususan walioshikwa na vijidudu sugu.

Kwa hiyo naona ni wajibu kila mtoto arudi na barua ya Kiswahili yenye jina la maradhi, tarehe ya dripu ya mwisho, dawa ya kuanzia na simu ya wodini, ili mama akifika hospitali ya karibu, Vwawa, usiku wa manane asianze kujieleza upya.