Adhabu Isiyo na Ukuta

Mwaka 1842 Waingereza walifungua gereza la Pentonville, London, na dawa waliyoitegemea humo ilikuwa upweke. Kila mfungwa na seli yake. Akitolewa nje hufunikwa uso wenzake wasimtambue, na kuongea ni marufuku. Walitarajia ajute, wengine walirukwa na akili.

Mzee wa Shinyanga akisimuliwa hayo hatashangaa sana. Usukumani kumtenga mtu ni adhabu ya siku nyingi. Aliyetengwa analala kwake, ng'ombe wake wako zizini, lakini asubuhi hakuna wa kumwambia "mwangaluka". Mkewe akienda kuomba kaa la moto, jirani anasema moto umezimika, na moshi unaonekana juu ya paa. Wakifiwa, watachimba kaburi wenyewe. Atakayewahurumia akawasalimu naye anatozwa faini.

Tofauti na Pentonville ni kwamba huku pana njia ya kurudi. Mkosaji akikiri, hutoa ng'ombe wa kuchinjwa, watu wanakula na yeye akiwa katikati yao. Deni limeisha.

Serikali ilikuwa na njia yake. Sheria ya mwaka 1963 ilimpa mwizi wa mifugo kifungo kisichopungua miaka 2 na viboko 24: 12 akiingia gerezani, 12 akitoka, akamwonyeshe mkewe, kama watu walivyozoea kusema. Lakini aliyeibiwa alikuwa anataka ng'ombe wake, si makovu ya mtu. Kisha mwaka 1976, katika msako wa watuhumiwa wa mauaji mikoa ya Mwanza na Shinyanga, raia walikamatwa, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu Januari 1977 kwa sababu hiyo.

Miaka michache baadaye, upande wa Kahama na Shinyanga, vijana walishika pinde na mishale wakajiita sungusungu, na kutengwa kukapata nguvu mpya. Wizi wa ng'ombe ulipungua. Nisiwapambe, maana walipiga watu, na waliwaandama vikongwe kwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Bibi wa namna hiyo atoe ng'ombe gani, na akiri nini? Kwake kijiji kilikuwa kibaya kuliko seli.

Kwenye machimbo ya Geita desturi hii haina meno. Mtu akitengwa Nyarugusu leo, kesho yuko Rwamgasa au popote dhahabu ilipolipuka, kati ya Wasukuma, Waha, Wakurya na wengine wasiomjua jina la baba yake. Kwa hiyo mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hasubiri kikao cha wazee. Mwizi wa mawe ya dhahabu hupigwa kwanza, akipona ndipo polisi huitwa.